Abiria wa Nyuma Kushoto

Jua lilikuwa linazama Daktari alipotoka uani kwao kwenda kuazima jeki ya pili. Mtaani walimwita Daktari wa Ng'ombe, kisha wakaona jina refu wakabakiza Daktari tu. Alikuwa ameshazoea. Hata wazee wenye mafua walimfuata wakimtolea ndimi, naye akawajibu kwamba kwa wanyama wa miguu miwili yeye hana dawa.

Jioni ile mikono yake ilikuwa imejaa grisi hadi kwenye viwiko. Mchomeleaji, jirani wa nyumba ya tatu, alikuwa anakusanya vyuma vyake ili afunge karakana. Alikuwa mtu wa maneno, asiyeweza kukupa hata msumari bila kukupa na utani.

"Wenzio Jumamosi wanasuka nywele," alisema, "wewe unalala chini ya gari."

"Gari haliniulizi nimechelewa wapi."

Mchomeleaji alicheka, akavuta jeki kutoka chini ya meza. Alipomkabidhi, akakumbuka jambo.

"Ila mwambie mama atoke humo kwanza. Tangu alasiri kila nikipita hapo namwona amekaa nyuma, kajitanda shuka. Gari likiteleza na mtu ndani, utaua."

"Mama yuko ndani anashona."

"Basi mgeni wenu."

"Hatuna mgeni."

Walitazamana. Mchomeleaji akafuta mikono yake kwenye suruali, akaifuta tena ingawa ilikuwa mikavu.

"Basi ni macho yangu," alisema. "Huu moto wa kuchomelea unaharibu macho."

Akafunga mlango wa bati bila kuaga. Yeye, ambaye kuaga kwake peke yake kulikuwa hotuba.

Daktari alirudi na jeki begani. Kutoka dirishani alisikia cherehani ya mama yake ikikimbia, ikapumzika, ikakimbia tena. Mama alikuwa mshonaji tangu Daktari hajazaliwa. Gari lilikuwa pale pale kwenye sakafu ya saruji, mbele ya banda la zana la marehemu baba. Alichungulia ndani. Viti vitupu.

Hata hivyo alichungulia mara mbili.

Gari lenyewe lilikuwa zawadi. Kaka yake mkubwa alimpa miezi minane nyuma, gari refu la porini, la zamani lakini lenye injini ngumu. Baba yao, aliyekuwa fundi magari, alifariki Daktari akiwa na miaka kumi na mmoja, na tangu siku hiyo Kaka ndiye aliyekuwa baba. Ndiye aliyemfundisha kushika spana, ndiye aliyemsindikiza chuoni akiwa amebeba godoro lake kichwani, ndiye aliyesimama mlangoni wachumba wenye maneno matamu walipokuja na kuwauliza maswali mpaka wakasahau walichokifuata. Kama kulikuwa na mtu ambaye Daktari angempa mgongo wake gizani bila kugeuka, alikuwa Kaka.

Siku ya kumpa gari, Kaka alikuwa na haraka. Hakutaka hata chai. Alisimama uani, Mama pembeni yake, akanyoosha funguo.

"Pokea kwa mikono miwili," alisema. "Useme nimepokea."

Daktari alicheka. "Makubwa haya! Kwani ninaapishwa?"

"Sema tu, mdogo wangu."

"Haya. Nimepokea."

Kaka aliachia funguo, akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Mama akaingia ndani upesi, akisema ana nguo ya mteja. Tangu siku ile Kaka hakupanda gari lile tena. Akija kuwasalimia aliegesha pikipiki yake ng'ambo ya barabara, nje ya geti, akaongea na Mama akiwa amesimama.

Na tangu siku ile gari lililala upande. Nyuma kushoto. Vidole vinne chini kuliko kulia, kana kwamba mtu mnene alikuwa amekaa pale na hataki kushuka. Daktari alibadilisha springi mara moja, akabadilisha tena. Wiki moja gari linasimama sawa, wiki ya pili limelala. Kaka alipoulizwa kwa simu alisema, "Gari la zamani hilo, chuma kimechoka," akageuza mazungumzo.

Tena kulikuwa na kikohozi. Kilimwanza miezi miwili baadaye, kikavu mchana, kizito alfajiri, na mdomoni kiliacha ladha ya tope. Hospitali walimpiga picha kifua wakasema ni safi. Mama alimsugua mgongo na kifua kila jioni kwa mafuta ya moto, akimwimbia chini chini kama mtoto.

Sasa, kwa vile njia za kwenda kwa wafugaji wake zilikuwa mawe na makorongo, na tumbo la gari lilikuwa linakwaruza kila safari, Daktari aliamua kuliinua kabisa. Alinunua seti nzima: springi nne ndefu na nene, shokapu nne, bushi mpya, na vyuma vya kushushia mipira ya breki ili isivutike gari likipanda juu. Angeweza kupeleka gereji. Lakini mtoto wa fundi kupeleka gari gereji ni sawa na mtoto wa mpishi kwenda kuomba ukoko kwa jirani. Alimwomba Kaka aje wafanye pamoja, kama zamani.

"Nimebanwa," Kaka alisema.

"Jumapili je?"

"Nimebanwa, mdogo wangu. Na upande wa nyuma... usiuguse. Inua mbele tu."

"Nani anainua gari mbele tu? Litakuwa kama mbwa aliyekaa."

Kaka hakucheka.

Upande wa mbele ulikuwa umekamilika kabla ya alasiri. Ulibaki wa nyuma. Daktari aliweka mawe kwenye matairi ya mbele, akalegeza nati, akainua gari kwa jeki, akaweka stendi mbili chini ya chesisi na kulitua taratibu mpaka chuma kikaonana na chuma. Akatoa magurudumu. Akatundika taa ya waya kwenye bampa, maana giza lilikuwa limeanza kuingia, akajilaza kwenye boksi lililokunjuliwa na kuteleza chini ya gari.

Kulia kulikwenda kama maji. Alifungua nati ya shokapu, akashusha ekseli kwa jeki mpaka springi ikalegea, akaitoa kwa mkono, akaweka mpya.

Akahamia kushoto.

Alipolegeza nati ya kwanza alisikia sauti juu yake. Ndogo. Kwiii... Ilikuwa sauti ya kiti. Sauti ya sponji na waya, mtu anapohamisha uzito kutoka tako moja kwenda jingine.

Daktari alitulia na spana mkononi.

Ndani ya nyumba cherehani ilikuwa inakimbia. Kwa hiyo Mama alikuwa kule. Kwa hiyo...

Tone la maji lilimdondokea shavuni.

Alilifuta. Lilikuwa la baridi, na lilipokauka kwenye kidole liliacha mchanga mwembamba. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki saba. Kisha harufu ikashuka: tope la mtoni, majani yaliyooza, na nguo iliyolowa ikakaa siku nyingi bila kuanikwa.

"Paka," alijiambia. "Paka ameingia na samaki wake."

Alijua si paka. Lakini gari lililofunguliwa nusu haliachwi, baba yake alikuwa akisema, maana nusu ya kazi huua kuliko kazi nzima. Akashusha ekseli. Springi ya kushoto ikalegea, akaivuta. Ilitoka, na safari hii raba ya juu, ambayo hakuwahi kuing'oa, ikatoka nayo, na kutoka nyuma yake kitu kikadondoka kifuani mwake.

Kilikuwa kifurushi cha kitambaa, kikubwa kama yai la kuku, kimeshonwa pande zote.

Alikisogeza kwenye taa. Kitambaa kilikuwa kimechakaa kwa vumbi, lakini mshono ulikuwa mzima. Mishono midogo, iliyobanana, na mwishoni uzi umerudishwa nyuma mara tatu kisha ukapitishwa chini ya wenzake ili usifumuke. Daktari aliukodolea macho. Mshono ule ulikuwa kwenye sare zake zote za shule. Ulikuwa kwenye koti lake la kazini. Ulikuwa, wakati huo huo, kwenye pindo la nguo aliyoivaa.

Hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyemalizia uzi namna ile.

Aliukata kwa ncha ya kisu. Ndani mlikuwa na kipande cha karatasi chenye jina lake kamili, kwa mwandiko wa Kaka. Na jino. Jino dogo la utotoni, lenye pengo pembeni alipolivunja kwa kuuma nati ya baba. Mama alilitunza miaka yote ndani ya kopo la vifungo, akisema siku Daktari akiolewa atamwonyesha mumewe.

Daktari hakulia. Mikono yake ndiyo iliyoendelea kufanya kazi, yenyewe, kama ya mtu mwingine. Iliweka springi mpya. Iliinua ekseli. Ilifunga shokapu, ikarudisha magurudumu, ikatoa stendi moja, ikatoa ya pili, ikashusha jeki. Alisimama nyuma ya gari akiwa na futi ya kupimia na kifurushi mfukoni.

Kulia gari lilipanda. Lilisimama juu, zuri, kama linavyotakiwa.

Kushoto lilianza kushuka.

Polepole. Springi mpya, nene kama mkono wa mtoto, ikijikunja bila kelele... vidole viwili... vitatu... vinne. Likatulia.

Daktari alipiga hatua kuelekea dirisha la kushoto ili achungulie. Hapo hapo kushoto kukanyanyuka na kulia kukazama. Kitu kilikuwa kimesogea upande wa pili wa kiti. Kilikuwa kimempisha, kama abiria anavyokupisha unapotaka kuingia.

Kwenye kioo cha kulia, kwa ndani, mvuke ulikuwa umetanda. Pale pale alipokuwa anatazama, doa dogo la mviringo lilitokea likaongezeka, likafifia, likaongezeka.

Pumzi.

Alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga mlango wa jikoni.

Alipoingia, Mama alikuwa ameinamia cherehani. Daktari aliweka kitambaa, karatasi na jino juu ya meza, katikati ya vipande vya nguo. Cherehani ikasimama.

Mama hakuuliza hiki ni nini. Hilo ndilo lililomkata Daktari. Angeuliza, hata kwa kuigiza, angekuwa amempa pa kushikilia.

"Umekifungua," Mama alisema.

"Ni mshono wako."

"Umekifungulia wapi? Ndani ya gari au nje?"

"Mama, ni jino langu."

Mama alivua miwani. Bila miwani alionekana mdogo, na mzee.

"Mtoto wa kaka yako alikuwa anakufa," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa anakohoa maji, mwanangu. Maji, kitandani, wakati wa kiangazi! Asubuhi mama yake anamtoa mchanga mdomoni kwa kidole. Kaka yako alikwenda kwa mtu mmoja, akaambiwa aliye ndani ya gari hafukuzwi. Anapokelewa tu. Na wa kumpokea awe wa damu moja, na asijue anapokea nini."

"Na mimi?"

"Wewe ni mtu mzima. Una nguvu. Na..."

"Na nini?"

Mama alishika futi yake ya ushonaji iliyokuwa shingoni, akaivuta ncha mbili zilingane.

"Na huna mtoto," alisema, taratibu, kama anayesoma kipimo cha kiuno cha mteja.



"Nilipokuwa nakohoa," Daktari alisema, "ulipokuwa unanisugua kifua, ulijua?"

"Nilikuwa nalia moyoni."

"Lakini ulijua."

"Uchungu wa mwana..."

"Usiniambie uchungu wa mwana! Kwani mimi mliniokota?"

Mama alianza kulia. Daktari alimwangalia akilia na akashangaa kuona mkono wake haunyanyuki kumfuta, mkono ambao wiki iliyopita tu ulimkanda miguu yake iliyovimba. Akachukua simu, akampigia Kaka, akaweka sauti kubwa.

"Mdogo wangu," Kaka aliitika, mchangamfu kama kawaida.

"Nimefungua upande wa nyuma."

Kwa mbali, upande wa Kaka, watoto walikuwa wanagombania kitu na kucheka.

"Ni nani yule, Kaka?"

Ilibidi amuulize mara tatu. Mwishowe Kaka alisema, akiwa ametoka nje, maana kicheko cha watoto kilikuwa kimekatika. Mwaka jana, jioni, mwanamke mmoja mzee alimsimamisha njiani. Alisema anakwenda kwake, ng'ambo ya mto, hana nauli, amfikishe tu. Akampakia nyuma. Mtoni maji yalikuwa yamejaa. Kaka akaona yatapitika. Katikati gari likazimika, maji yakaingia mlangoni, yeye akatokea dirishani akaogelea.

"Na yeye?"

"Mlango wa nyuma kushoto haufunguki kwa ndani. Uliharibika zamani. Unafunguka kwa nje tu."

"Hukurudi kuufungua."

"Maji yalikuwa mengi..."

"Alikuita?"

Kwenye simu zilisikika hatua za Kaka zikienda na kurudi.

"Kaka. Alikuita?"

"Alikuwa anagonga kioo," Kaka alisema. "Asubuhi tulilivuta gari kwa trekta. Hakuwemo ndani. Milango yote imefungwa, vioo vya nyuma vizima, na hakuwemo. Nikasema labda... labda hakuwa mtu." Sauti yake ikapasuka. "Ungefanya nini wewe? Mwanangu alikuwa anakufa!"

"Ungeniambia. Ningekuja tukambeba wote."

Akakata simu.

Usiku ule Daktari hakulala ndani. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni, mgongo ukutani, akitazama gari lililoinuka mbele na kuinama nyuma. Mama alifungasha nguo zake mapema, akaja dereva wa pikipiki, akaondoka kwenda kwa Kaka bila kuaga. Daktari alisikia geti likifungwa. Kikohozi kikamjia, akatema kwenye saruji. Palikuwa na chembe za mchanga.

Kulipopambazuka alisimama. Akafungua mlango wa dereva, akakaa, akashika usukani. Harufu ya tope ilikuwa imejaa. Kioo cha kutazamia nyuma alikigeuzia juu, asione.

"Shikamoo, mama," alisema.

Kiti cha nyuma kililia, kwiii.

"Unakwenda wapi?"

Nyuma ya sikio lake la kushoto, karibu sana, kukaja sauti kama maji yanayopita kwenye kokoto.

"Ng'ambo..."

Mwendo hadi kwenye mto alioutaja Kaka ulikuwa wa saa tano. Hawakuzungumza. Njia nzima maji yalikuwa yanachuruzika mahali fulani chini ya kiti, na kila gari lilipoingia shimoni alisikia mguno mdogo wa mtu mzima anayeumwa kiuno, mpaka akajikuta anapunguza mwendo kwenye mashimo na kusema, "Samahani." Kwa sababu alikuwa ameogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na kwa sababu, kati ya watu wote waliomzunguka, huyu wa nyuma ndiye pekee ambaye hakuwa amemdanganya.

Mtoni alifika jua likiwa karibu na utosi. Hapakuwa na mtu. Maji yalipita kimya, rangi ya kahawia, mapana kuliko alivyotarajia. Alishuka, akakata fimbo, akaingia hadi mapajani kupima kina. Kwa urefu wa zamani wa gari yangefika kwenye viti. Kwa urefu mpya...

Alirudi, akaweka gia ndogo, akaingia.

Maji yalipanda hadi kwenye vitovu vya magurudumu, yakapanda zaidi. Katikati ya mto nyuma yake kukaanza kugongwa.

Ko. Ko. Ko.

Kioo cha kushoto.

"Siachi," Daktari alisema, meno yakigongana. "Sizimi. Siachi, mama. Nakufikisha."

Ko. Ko. Ko. Ko. Ko.

Injini ikanguruma, gurudumu likateleza kwenye jiwe, likashika. Gari lilipanda ukingo wa pili likimwaga maji kila upande. Daktari alizima, akashuka, akazunguka. Miguu yake haikutaka. Aliiburuta. Akashika kitasa cha mlango wa nyuma kushoto, akaufungua kwa nje.

Maji yalimwagika. Mengi, mengi kuliko gari linavyoweza kubeba, na majani, na mchanga, na baridi ya mahali pasipofika jua. Yalimlowesha hadi magotini. Kisha gari, taratibu, likanyanyuka. Vidole vinne. Likasimama sawa.

Mbele yake, kwenye udongo mkavu wa ukingo, nyayo mbichi zilianza kutokea. Moja. Nyingine. Nyayo za mtu mzee, anayeburuta mguu mmoja. Zilipanda hadi kwenye nyumba ya udongo iliyoporomoka upande, isiyo na mlango wala paa. Zikasimama kizingitini.

Zilisimama muda mrefu.

"Kuna mtu?" Daktari alinong'ona.

"Hawapo tena," sauti ilisema. Haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka tu. "Walisubiri... wakachoka."

"Pole, mama."

"Wewe umenifikisha. Nenda ukapumzike, mwanangu. Kifua kitapona."

Nyayo zikageuka. Zikarudi zilikotoka, zikampita Daktari kwa umbali wa mkono mmoja, na vinyweleo vyote vya upande ule wa mwili wake vikasimama. Zilikuwa zinaelekea mtoni.

"Unakwenda wapi sasa?"

"Kwa kijana. Nina neno naye."

"Ni... ni mbali."

"Nitatembea."

Nyayo ziliingia majini, na uso wa maji ukajifunga.

Daktari aliketi chini palepale. Alivuta pumzi, na pumzi ikaingia hadi mwisho, safi, kwa mara ya kwanza baada ya miezi sita. Alipopata nguvu ya kushika simu, kwanza alimpigia wifi yake, mke wa Kaka, ambaye hakuwahi kuambiwa lolote.

"Wifi, chukua watoto uende kwa wazazi wako. Leo. Sasa hivi."

"Kuna nini?"

"Umewahi kuniona nikisema upuuzi?"

"Tunakwenda," alisema. "Nimwambie kaka yako?"

"Mwambie wazazi wamewakumbuka wajukuu wao."

Alikuwa hajainuka bado simu ilipoita. Kaka.

"Mdogo wangu! Uko wapi? Umekwenda mtoni?"

"Nimekwenda."

"Umemfikisha?"

"Nimemfikisha. Ameshuka."

Alimsikia Kaka akishusha pumzi ndefu, ile ile ya siku ya funguo. "Mungu mkubwa! Nilijua. Nilisema mimi, huyu ni mtoto wa baba. Nisamehe, mdogo wangu, nitakuja tuyaongee. Mama yuko hapa kwangu, hajala tangu jana, anakulilia tu." Kwa nyuma Daktari alisikia sauti ya Mama ikiuliza, "Anasemaje? Amepona?" Kaka akaendelea, kwa unyonge kidogo, "Na yeye... alisema chochote wakati anashuka?"

Daktari alitazama ng'ambo. Kule upande wa pili, kwenye mchanga, nyayo zilikuwa zimeshatoka majini. Zilikuwa zimeshika barabara, moja baada ya nyingine, bila haraka.

Mama aliuliza tena, kwa mbali, kama amepona.

"Amesema asante," Daktari alijibu, akazima simu.